Ajali Ina Kinga: Swichi Moja, Droo Moja na Uvivu Wetu Waundaji

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na wengine wenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Marekani kumtembelea dada yangu anayeishi Minnesota, na nimerudi na zawadi moja tu: hasira. Kwa hiyo leo hakuna somo la Python wala la hifadhidata. Leo nagombana, na nawaonya mapema kwamba miongoni mwa nitakaogombana nao ni sisi wenyewe tunaoandika programu za tarakilishi.

Kwanza niwaeleze kifaa chenyewe, maana hapa kwetu ni nadra kukiona. Wamarekani wana magari ambayo ndani yake mna nyumba nzima: vitanda, jiko, choo, bafu, meza ya kulia. Wao huyaita RV. Mengine yana injini yake na dereva hukaa mbele kama kwenye basi. Mengine ni trela linalovutwa na pikapu. Shida ya nyumba ya namna hii ni upana. Gari la barabarani haliwezi kuzidi mita 2.6 hivi, na ukishatoa kuta na makabati unabaki na ujia ambao watu hupishana kwa ubavu, kama kondakta na abiria kwenye matatu iliyojaa.

Ndipo ukaja ujanja. Kampuni ya Newmar ya Indiana ndiyo inayosifiwa kwa kuuleta sokoni mwaka wa 1990. Ubavu wa gari hukatwa, na sehemu nzima ya chumba, pamoja na kochi, meza, wakati mwingine kitanda au jokofu, huchomozwa nje mkisha kuegesha, mithili ya droo ya kabati. Mkitaka kuondoka mnairudisha ndani. Mimi nitaiita droo, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Kazi ya kuisukuma hufanywa na mota za umeme wa betri, volti 12, au na mitambo ya haidroliki.

Lakini isikudanganye hilo jina. Hii si droo ya vijiko. Ina sakafu, kuta, paa, dirisha, kochi, na watu walioketi juu ya kochi. Uzito wake ni wa mamia ya kilo. Na kitu kinachoamuru uzito huo wote utembee ni swichi ndogo ukutani, isiyozidi kidole gumba. Bonyeza juu, droo inatoka. Bonyeza chini, inaingia.

Sasa kisa.

Dada na mumewe walikodi trela la namna hii pamoja na pikapu ya kulivuta, tukaenda South Dakota kuona Badlands na zile sura za marais zilizochongwa mlimani Mount Rushmore. Tulikuwa watu wazima wanne na watoto wawili. Jioni ya pili tumeegesha, droo iko nje, na mpwa wangu wa miaka minne amelala kifudifudi sakafuni akisukuma trekta lake la plastiki kati ya kochi na kabati la jiko. Kochi limo ndani ya droo. Kabati limeshikamana na gari. Kumbuka hilo.

Shemeji akaingia na sanduku la barafu lililojaa vinywaji. Mlango mwembamba, sanduku zito. Akaliegemeza ukutani karibu na mlango ili avute pumzi. Pale pale, kwenye kimo cha nyonga, ndipo zilipo swichi: ya taa, ya pampu ya maji, ya turubai la kivuli, ya droo. Nne, umbo moja, rangi moja, zimepangwa kama meno. Kona ya sanduku ikabonyeza ya nne.

Mota ikaanza kunguruma. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu pampu ya maji nayo hunguruma. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, mgongo nimeupa kochi. Nilichosikia kwanza ni plastiki ikivunjika. Dada akapiga ukelele, shemeji akaruka, sanduku likaanguka, na droo ikasimama papo hapo. Trekta lilikuwa limesagwa kati ya kochi na mlango wa kabati. Mtoto alikuwa ameuvuta mkono wake. Nafasi iliyobaki ningeweza kuipima kwa viganja viwili.

Mtoto alilia kwa ajili ya trekta. Dada yangu alilia kwa ajili ya mtoto, usiku mzima.

Tulipolirudisha trela tuliwaeleza wenye kukodisha. Walisikiliza kwa adabu, kisha wakakata kwenye amana pesa za mlango wa kabati uliopasuka, na kwenye fomu mahali pa sababu wakaandika maneno ambayo, yakitafsiriwa, ni haya: kosa la mtumiaji. Wakatuonyesha na kibandiko kilichokuwa juu ya zile swichi, kinachosema uhakikishe njia i wazi kabla ya kuiendesha droo. Shemeji akaomba radhi. Akaomba radhi! Hapo ndipo damu yangu ilipochemka.

Maana shemeji hakuiendesha droo. Aliweka sanduku. Kile kibandiko kinazungumza na mtu aliyekusudia kuiendesha droo akasahau kutazama. Hakina neno kwa mtu ambaye hakukusudia chochote. Huwezi kumwambia mtu "tazama kabla ya kutenda" ilhali hajui kwamba anatenda.

Hapa kwetu tuna msemo unaobandikwa hata kwenye matatu: ajali haina kinga. Naomba leo tuuzike. Ajali ina kinga, na mara nyingi kinga yenyewe ni ya bei ya chini kuliko fomu ya kuandikia lawama.

Jambo hili lilishajulikana zamani

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna siri hapa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo: marubani wa ndege za B-17 walikuwa wanatua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wanakunja magurudumu na kuliacha dege zima liserereke kwa tumbo. Marubani walilaumiwa. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama ndani ya chumba cha rubani badala ya kumtazama rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na ya vibawa vya mkia wa bawa, vile vinavyokunjwa baada ya kutua, zimekaa karibu na zinafanana. Rubani mchovu aliyekusudia kukunja vibawa alikunja magurudumu. Dawa ya Chapanis ilikuwa kipande cha mpira chenye umbo la gurudumu kwenye swichi moja, na chenye umbo la bawa kwenye nyingine, ili mkono wenyewe ujue umeshika nini. Zaidi ya miaka 80 imepita. Nami nimesimama kwenye trela ambalo swichi ya taa na swichi ya kusogeza ukuta ni mapacha.

Ndege zenyewe ziliendelea mbele zaidi. Siku hizi ndege nyingi zina kihisi kwenye miguu kinachojua kwamba uzito wa ndege umekalia magurudumu. Ikiwa iko ardhini, mkono wa kukunja magurudumu haukubali. Hakuna anayemwomba rubani ahakikishe. Kitendo hakiwezekani, basi.

Mfano wa pili, wa karibu zaidi. Vioo vya umeme vya magari. Kwa miaka mingi magari mengi yalikuwa na swichi za kubonyeza: mtoto akitoa kichwa dirishani na kukanyaga swichi kwa goti, kioo kinapanda. Watoto walikufa kwa kunyongwa namna hiyo, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa lile lile, kwamba mzazi angekuwa mwangalifu. Mwaka wa 2004 serikali ya Marekani ikabadilisha kiwango chake cha usalama nambari 118. Swichi lazima ipimwe kwa kukandamizwa na kipira cha chuma chenye nusukipenyo cha milimita 20, kwa nguvu hadi nyutoni 135, na kioo kisianze kupanda. Kipira hicho ni goti la mtoto, tuseme ukweli. Sheria ya mwaka uliofuata, 2005, ikaongeza kwamba ili kioo kifunge lazima swichi ivutwe, isibonyezwe. Ndiyo maana kwenye magari ya siku hizi unainua swichi kwa ncha ya kidole ili kufunga dirisha. Wengi hudhani ni mtindo tu. Si mtindo. Ni makaburi ya watoto.

Goti haliwezi kuvuta. Sanduku la barafu haliwezi kuvuta. Kiwiko, mkoba, mbwa anayeegemea ukuta, havivuti. Kanuni nzima ni hiyo: kitendo cha hatari kifanyike kwa mwendo ambao bahati mbaya haiujui.

Lakini kiwango cha 118, kama jina lake linavyosema, ni cha vioo, vizuizi vya ndani na paa za kufunguka. Kioo cha gari kina uzito wa kilo chache na kimelindwa. Ukuta wenye kochi una uzito wa mamia ya kilo, na swichi yake ni ya kubonyeza.

Ajali mbili, si moja

Ili nisije nikaambiwa nina kelele bila hesabu, tuligawe tatizo. Droo inaweza kutenda bila kukusudiwa kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kutoka wakati haitakiwi: gari liko barabarani, au limeegeshwa kando ya mti, nguzo au gari la jirani. Ya pili ni kuingia wakati haitakiwi: mtu, mnyama, au mlango wa kabati uko kwenye njia yake. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Kwa ile ya kwanza, magari mengi yenye injini tayari yana kinga nzuri: swichi ya droo haipati umeme mpaka breki ya kuegesha iwe imevutwa. Mimi huiita kufuli la masharti. Ni waya na rilei tu, wala haina akili yoyote, na ndiyo maana inaaminika. Trela huachwa nyuma kwa kisingizio kwamba haliwezi kujua kama pikapu imevuta breki. Hapo mtaalamu wa umeme atacheka. Plagi ya pini saba inayounganisha trela na pikapu ina waya wa kuchaji betri ya trela, na katika pikapu nyingi waya huo hupata umeme pale tu swichi ya injini ikiwashwa. Rilei moja inayosoma waya huo na kukata mkondo wa swichi ya droo ingetosha kusema: injini inafanya kazi, droo haitembei. Bei ya rilei ya gari Kirinyaga Road mnaijua.

Kwa ile ya pili, yaani yetu, breki haisaidii kitu. Gari lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa. Hapa kinga ni swichi yenyewe, na mahali ilipo.

Nitaitendea haki swichi ile kwa jambo moja. Ilikuwa ya kushikilia: ukiiachilia, mota inasimama. Hilo ndilo lililookoa mkono wa mpwa wangu, na aliyeliweka namshukuru. Lakini kushikilia kunalinda tu ikiwa kinachoshikilia ni mtu mwenye nia. Sanduku la barafu linajua kushikilia kuliko mtu yeyote, halichoki.

Mtu atasema: mbona mota isihisi kizuizi? Baadhi ya mifumo huhisi, kwa namna fulani. Kidhibiti hutazama mkondo wa umeme. Mota ikikazana, mkondo hupanda, kidhibiti huzima. Wenzangu waandika programu, tazameni vizuri hapo. Mkondo hupanda droo inapofika mwisho wa safari yake. Hupanda pia inapokuta kiuno cha mtu. Kwa kidhibiti, mambo hayo mawili ni namba ile ile, na ili namba ifike, lazima kwanza nguvu itumike. Mlango wetu wa kabati ulipasuka kabla ya mota kulalamika. Hicho ni kifaa cha kuilinda mota. Msikiuze kama kifaa cha kumlinda mtoto.

"Una hakika?"

Sasa nawageukia wenzangu. Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu hodari, alijibu bila hata kufikiri: weka skrini badala ya swichi, mtu akigusa "Droo", kisanduku kiulize, "Una hakika?"

Hii ndiyo imani yetu kuu, na ni ya uongo. Kisanduku cha "Una hakika?" hakikuambii kitu ambacho hukukijua. Kinarudia ulichosema, kisha kinakuomba ukubali. Baada ya mara kumi, mkono hujibu "Ndiyo" kabla jicho halijasoma. Mwaka wa 2017, tarehe 31 Januari, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Akashtuka baada ya sekunde moja au mbili na kusimamisha amri, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Huyo hakukosa hakika. Alikuwa na hakika kabisa! Kampuni yenyewe, kwa heshima yake, iliandika kisa chote hadharani badala ya kumtupia lawama yeye.

Linganisha na Hakikisha ya M-Pesa. Unatuma pesa, kabla hazijaondoka unaonyeshwa jina la anayepokea. Ulidhani unamtumia mama, unaona jina la mtu usiyemjua, unasimamisha. Hilo ni ulizo lenye habari mpya ndani yake. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kumlinda mtu na kujilinda wewe ili baadaye useme, "Si ulibonyeza Ndiyo?"

Na kuhusu kuhamishia kila kitu kwenye skrini na rununu, nasema hivi. Tayari kuna programu za simu za kuendesha droo, taa na turubai la trela. Ni raha, nakubali. Lakini kumbukeni Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyozuia mionzi kupita kiasi. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi ya kupindukia, na baadhi yao wakafa. Baadaye iligunduliwa kwamba hitilafu ya namna hiyo ilikuwamo pia kwenye programu ya mashine ya zamani, ila vile vizuizi vya chuma vilikuwa vikiizima kimya kimya. Programu nzuri huongezwa juu ya kufuli la chuma. Haiji mahali pake.

Ninachodai

1. Swichi ya droo isikae pamoja na ya taa. Iwe na umbo lake, ijulikane hata gizani kwa kidole.

2. Iwe imezama ukutani au ina kifuniko cha kuinua, na ipimwe kwa kipira kama swichi za vioo. Ikiwezekana ivutwe, isibonyezwe.

3. Ikae mahali ambapo anayeishika anaona njia nzima ya droo. Swichi ya mlangoni nyuma ya kabati ni upofu uliofungwa kwa skrubu.

4. Kuwe na ufunguo au swichi kuu inayokata umeme wa droo kabisa. Droo hutembea mara mbili kwa siku, pengine. Kwa nini iwe tayari saa 24?

5. Kufuli la masharti liwe kwenye trela pia.

6. Droo ikianza kutembea ipige kengele yake yenyewe, isiyofanana na pampu, na ingoje kidogo kabla ya kusogea.

Mnaokodi au kununua magari haya, msingoje kiwanda. Vifuniko vya swichi vinauzwa, fundi yeyote wa umeme wa gari anaweza kuweka swichi ya ufunguo, na vipo vyuma vya kuikazia droo isitembee safarini. Mkikosa vyote, mkisha kuichomoza toeni fyuzi ya droo, ikiwa ina fyuzi yake peke yake. Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki za safari yetu. Shemeji aliiweka kwenye mfuko wa shati kama hirizi.

Najua mtakavyonijibu

Mtasema gharama. Gari hizi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na nyingine kwa mamia. Kifuniko cha plastiki hakiwezi kumfilisi mtu.

Mtasema dharura: dhoruba ikija, lazima droo iingie upesi. Hoja nzuri, na ndiyo maana sijadai nywila wala maswali matatu. Kuinua kifuniko na kugeuza ufunguo ni sekunde mbili. Na ufunguo uwe umefungwa kwa mnyororo pale pale.

Mtasema watu wataiharibu kinga ikiwaudhi. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi. Tunaijua sisi. Mwaka wa 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Michuki hakubandika karatasi ya "endesha polepole". Na kweli, kabla ya muda mrefu kulikuwa na mafundi wa kuvichokonoa vile vidhibiti. Lakini funzo la hapo si kwamba kinga haina maana. Funzo ni kwamba kinga inayomnyima mtu riziki yake kila dakika itachokonolewa, na kinga inayomgharimu sekunde mbili kwa siku itaachwa. Tengeneza ya aina ya pili.

Na mtasema, kwa sauti ya chini, kwamba mambo haya yote ni kwa ajili ya wajinga. Huko Japani mhandisi Shigeo Shingo alibuni mbinu za kuzuia makosa viwandani. Mwanzoni ziliitwa kwa neno lenye maana ya kumkinga mjinga. Mfanyakazi mmoja mwanamke aliposikia hivyo aliumia, akalia, na Shingo akabadilisha jina: poka-yoke, kukinga dhidi ya kupitiwa. Kupitiwa ni kwetu sote. Shemeji yangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Si mjinga.

Na mimi je?

Sasa ungamo, maana nisiposema hili nitakuwa mnafiki.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya SACCO moja. Kwenye ukurasa wa mwanachama kulikuwa na kitufe cha kufunga ukurasa na kitufe cha kufunga akaunti. Nilikuwa nina haraka, nafasi ilikuwa ndogo, na kwenye vyote viwili niliandika neno moja: Funga. Kimoja kijivu, kingine kijivu kilichokolea kidogo. Kilichokolea kiliuliza, "Una hakika?" Nilijiona nimemaliza kazi.

Karani mmoja, mwisho wa siku, alifunga akaunti ya mama mzee badala ya kufunga ukurasa. Ilikuwa Januari, wakati wa karo. Mama alikuja Jumatatu kuchukua pesa za mjukuu wake anayeingia kidato cha kwanza, akaambiwa hana akaunti. Ilichukua siku nne kuirejesha. Meneja aliniuliza kilichotokea. Nilitazama kumbukumbu za mfumo, nikaona kitambulisho cha karani, nikaona saa, nikaona "Ndiyo". Nikaandika ripoti ya mstari mmoja: kosa la mtumiaji. Karani akapewa barua ya onyo.

Niliyakumbuka maneno hayo nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya kukodisha trela, nikiwa na hasira ya mtu asiye na hatia. Nilijua mwandiko wangu.

Juma lililopita nilimtafuta yule karani nikampigia simu kumwomba msamaha. Alicheka. Akasema, "Hata mimi nilijua si mimi. Lakini ningebishana na mashine vipi?" Meneja wa sasa nimemwandikia barua nikieleza kosa lilikuwa la nani, na nikaomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake. Bado sijajibiwa. Vitufe nimevibadilisha bila malipo: kimoja sasa kinasema "Rudi", na kingine kimehamia ukurasa wake, nacho hakifanyi kazi mpaka uandike nambari ya mwanachama na kuonyeshwa jina lake na salio lake.

Basi kabla hujaandika "kosa la mtumiaji" kwenye ripoti yako inayofuata, nenda ukakishike kitufe chenyewe. Kishike ukiwa umechoka, ukiwa na mzigo mkononi, mtoto analia pembeni. Ukiona kinakubali kwa urahisi ule ule ulio nao ukiwa mezani na kahawa yako, basi mwenye kosa umeshampata.

Ni hayo tu kwa leo. Juma lijalo tutarudi kwenye Python, tukijaliwa.